Asilimia Tano ya Nani?

Nianze na karatasi. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani aliorodhesha vyuo 20 vya Marekani, vyote vya lile kundi mnalolijua, la vyuo vinavyokubali waombaji wachache mno, na mbele ya kila jina kaandika nafasi ya kukubaliwa: 5%. Chini kabisa, kwa mistari miwili: 64%.

Nikamuuliza, hiyo sitini na nne imetoka wapi? Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha babu yake kutumia simu. Nafasi ya kukataliwa na chuo kimoja ni 0.95. Izidishe yenyewe kwa yenyewe kwa vyuo vyote 20, unabaki na kama 0.36. Kwa hiyo nafasi ya kukubaliwa walau na kimoja ni 64%. Niliirudia mwenyewe kwa kikokotoo. Hesabu safi kabisa, jibu la uongo.

Maana hesabu ile ni ya dadu. Dadu halikumbuki limeangukaje mara ya kwanza. Lakini ofisi 20 za udahili zinasoma faili lilelile: alama zilezile, barua ileile ya mwalimu yuleyule, insha ileile uliyoimaliza saa nane za usiku. Kilichompigisha miayo msomaji wa kwanza kitampigisha miayo na wa kumi na tano. Shati lina doa, wewe unaongeza vioo!

Namwona pale nyuma anayetaka kusema, “Mbona fulani alikataliwa Yale akachukuliwa Princeton?” Hutokea. Sikusema ofisi zote zina jicho moja. Mwaka huu huku wanatafuta mpiga fidla, kule wanaye tayari. Bahati ipo, ila haiongezeki kwa kasi ya kikokotoo. Yule kijana vyuo 19 vilimkataa, cha 20 kikamweka kwenye orodha ya kusubiri, na huko alikaa mpaka wenzake wakaanza masomo. Na alikuwa mwanafunzi mzuri, ndicho kinachoniuma. Orodha nzima haikuwa na chuo hata kimoja kinachopokea nusu ya waombaji wake.

Sasa hiyo 5% yenyewe ni ya nani? Mwaka 2024 Harvard ilipata maombi 54,008, ikakubali 1,937. Hawafiki wanne katika mia. Mtu anasoma hapo, anasema, “Basi mimi nafasi yangu ni karibu 4%.” Yako wewe? Katika kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2023, takwimu za ndani za Harvard ziliwekwa mezani. Wanamichezo waliotakiwa na makocha walikuwa wakikubaliwa zaidi ya 80 katika kila 100. Watoto wa wahitimu, kama theluthi yao. Wote hao wamo ndani ya wastani unaojipimia. Watoe, halafu uniambie kimebaki nini kwa asiye na kocha wala baba aliyesoma pale. Na wamo pia waliotuma ombi kwa kubahatisha tu, ambao huenda unawazidi mbali. Wastani ni wa chuo. Wewe si chuo.

“Basi nitaangalia alama za SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo.” Haya, angalia. Tuseme chuo kimeandika 1500 hadi 1570, nawe una 1510, unashangilia kwamba umo. Hiyo ni nusu ya katikati ya walioingia. Robo ya walioingia wako chini ya 1500, ni kweli, lakini usishangae ukiwakuta humo wale wa kocha. Tena palipo hiari kutuma alama, wenye alama ndogo huzificha, na namba zinazotangazwa zinapanda bila mtu kuwa hodari zaidi. Kuwa ndani ya safu maana yake faili lako litasomwa kwa makini. Basi.

Mnaona saa ile? Nilipanga robo saa nzima kwa ajili ya fedha, sasa nina dakika mbili. Kwa mwombaji anayetoka nje ya Marekani, vyuo vingi huangalia kama unahitaji msaada kabla ya kukukubali, na hilo hubadili kila kitu nilichokwisha kusema. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii. Wengine muwachunguze mmoja mmoja. Maombi ya mapema yenye sharti la kujiunga ukikubaliwa: yanasaidia, ila usisaini kabla ya kujua ada italipwaje. Na ule waraka uitwao Common Data Set, ambao vyuo vingi hutoa kila mwaka na ninyi hamuufungui, sehemu ya C7 inaeleza chuo kinavipa uzito gani alama, insha, shughuli za nje ya darasa, hata uhusiano na wahitimu. Ni bure.

Insha siigusi leo. Mwenye orodha yake aje nayo hapa mbele, na kalamu ya kukatia.