Bret Hart na Kazi Aliyorithi Nyumbani

Ndugu wasikilizaji, mkiitazama mieleka ya kulipwa kama maigizo matupu, hamtamwelewa mwanamieleka Bret Hart. Matokeo hupangwa, ndiyo. Sakafu haijui mpango.

Alizaliwa Calgary, Kanada, tarehe 2 Julai 1957, wa nane kati ya watoto 12 wa Stu Hart, mwanamieleka na promota wa kampuni ya mieleka ya Stampede Wrestling. Wavulana wote 8 waliingia kwenye kazi hiyo kwa namna moja au nyingine. Mabinti wote 4 waliolewa na wanamieleka. Chini ya nyumba yao palikuwa na chumba kilichotandikwa mikeka, maarufu kwa jina la Dungeon, ambamo Stu aliwakaba wanafunzi hadi wapige mayowe. Lakini ufundi wa ulingoni Bret alifundishwa zaidi na Wajapani wawili, Hito na Sakurada. Somo la kwanza ni kuanguka: kidevu kifuani, pumzi nje, mgongo wa juu na viganja viguse chini kwa pamoja. Ukiachia kidevu, kisogo ndicho kinachopokea kishindo.

Sasa tuuangalie mshiko wake, Sharpshooter. Mpinzani yuko chali. Bret anainua miguu yote miwili ya mpinzani, anapenyeza mguu wake katikati, anaipishanisha ile miwili juu ya paja lake, anabana kifundo cha juu kwapani, kisha anamvuka mwenzake na kumpindua kifudifudi. Anachuchumaa kama anayetaka kuketi kwenye kigoda, ila haketi! Uzito unabaki kwenye mapaja yake mwenyewe. Akiuachia kweli, kiuno cha mwenzake kimekwisha. Aliyeketi mstari wa mbele haoni tofauti.

Wembley, tarehe 29 Agosti 1992, alipambana na shemeji yake, Davey Boy Smith. Bret alisimulia baadaye kwamba shemeji alisahau mpangilio mzima, ikabidi amnong'oneze hatua kwa hatua mbele ya uwanja uliofurika. Smith ndiye aliyeondoka na mkanda wa ubingwa.

Kisa cha Montreal, tarehe 9 Novemba 1997, ni pale matokeo ya pambano lake na Shawn Michaels yalipobadilishwa bila yeye kujua, akapoteza ubingwa. Niongeze moja tu: Bret alikuwa amemwachia Michaels miguu yake, amekabwa kwa Sharpshooter ileile, kengele ikagongwa ilhali hakusalimu amri.

Kilichommaliza ni teke. Tarehe 19 Desemba 1999, Washington, mpinzani wake Goldberg alimpiga kichwani. Goldberg alitoka kwenye futiboli ya Kimarekani, akiwa na miaka miwili na ushee tu ulingoni. Katika teke, anayepima umbali ni mpigaji. Anayepigwa amesimama tu akiamini. Kosa la pili, kwa maoni yangu kubwa kuliko la kwanza, ni kwamba Bret aliendelea kupigana usiku uleule na wiki zilizofuata, kichwa kikizidi kutikiswa kabla ya kupona. Hatimaye madaktari wakamsimamisha. Oktoba 2000, WCW, kampuni ya mieleka iliyokuwa imemwajiri, ikavunja mkataba wake kwa barua.