Tairi Kubwa Kwenye 4x4: Sheria Inaanzia Kwenye Kibandiko cha Mlango

Mabibi na mabwana, wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za saa hizi.

Fungueni mlango wa dereva wa gari la 4x4, mtazame kwenye nguzo ya mlango. Mtakuta kibandiko kidogo chenye saizi ya tairi, kiasi cha upepo wa mbele na wa nyuma, na pengine saizi nyingine moja au mbili ambazo kiwanda kimeziruhusu. Wengi hukitazama siku ya kujaza upepo tu. Mimi naomba leo tukitazame kama hati ya kisheria, maana ndivyo kilivyo. Nchi nyingi zilizoweka kikomo cha ukubwa wa tairi hazisemi "tairi isizidi inchi fulani" kwa magari yote. Zinasema isizidi kiasi fulani kuliko ile aliyoipanga mtengenezaji wa gari lako. Kwa hiyo tairi iliyo halali kwa jirani inaweza kuwa haramu kwako.

Naandika ubaoni: 265/65R17. Hii ni saizi ya kawaida kabisa kwenye 4x4 nyingi. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia: ubavu wa tairi una kimo cha asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 172.25. 17 ni rimu ya inchi 17, sawa na milimita 431.8. Chukua ubavu wa juu na wa chini, jumlisha na rimu: kipenyo ni milimita 776.3.

Sasa ile inayopendwa na kila mtu: 285/70R17. Hesabu ni ileile, na jibu ni milimita 830.8. Madukani huitwa "thelathini na tatu", ingawa ukigawanya kwa 25.4 unapata inchi 32.7 tu. Tofauti kati ya hizi mbili ni milimita 54.5.

Australia ni nchi ambayo watu wake wanazipenda 4x4 na wameiandika kanuni yao kwa uwazi. Kanuni yao ya kitaifa ya kubadilisha magari mepesi inaruhusu tairi ya 4x4 kuzidi kipenyo cha tairi yoyote iliyotajwa na mtengenezaji kwa gari hilo kwa milimita 50, si zaidi. Gari la kawaida la abiria linaruhusiwa milimita 15 tu. Tazameni ubao: 54.5. Tumevuka kwa milimita nne na nusu. Lakini kama kibandiko chako kinataja pia 265/70R17, ambayo kipenyo chake ni 802.8, basi tairi ileile inazidi kwa milimita 28 pekee na umo ndani ya sheria. Ndiyo maana nasisitiza kibandiko. Na kiwe cha gari lako mwenyewe.

Najua mnachotaka kuniuliza: milimita nne na nusu zina ubaya gani? Zenyewe hazina ubaya mkubwa. Mstari lazima uchorwe mahali. Ila tairi kubwa ina athari zinazoanza hata kabla ya mstari, na hapa nataka tukae kidogo.

Breki hukamata diski, haikamati lami. Nguvu yake hufika barabarani kupitia nusu kipenyo cha tairi, na kadiri nusu kipenyo kinavyorefuka, ndivyo nguvu inayofika lami inavyopungua kwa mkanyago uleule. Kutoka 776.3 hadi 830.8 ni ongezeko la asilimia 7. Maana yake pedali ileile, mguu uleule, unapata karibu asilimia 6.5 pungufu ya nguvu ya kusimama. Ongeza uzito wa tairi yenyewe, ambao nao lazima usimamishwe kuzunguka. Gari likiwa tupu mjini hutaona kitu. Lipakie mzigo, lifungie tela, ushuke nalo mlima mrefu, ndipo utajua kiwanda kilipima breki kwa tairi ipi.

Kuna pia mfumo wa kielektroniki wa kulizuia gari lisiteleze au kupinduka. Unasoma mwendo wa kila gurudumu na pembe ya usukani, na umepangwa kwa tairi na kimo fulani cha gari. Ukibadilisha tairi pekee, gari linainuka kwa nusu ya tofauti ya kipenyo, hapa milimita 27. Ukiongeza na springi ndefu, vimo vinajumlishana, na ndiyo maana sheria nyingi huhesabu tairi na springi pamoja. Watu hupima kimoja kimoja, wakaona vyote viko sawa, kumbe jumla imepita.

Kipima mwendo nacho. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, inasema kipima mwendo kisionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko halisi. Kuzidisha kinaruhusiwa, hadi asilimia 10 na kilomita 4 kwa saa juu yake. Viwanda hutumia nafasi hiyo, kwa hiyo kipimo huwa kinazidisha kidogo. Tairi kubwa inaila nafasi hiyo. Kama kipimo kilikuwa sahihi kabisa, sasa kikisoma 100 wewe unakwenda 107, na hata faini ya mwendo huna pa kuipinga.

Nchi nyingine hufika palepale kwa njia tofauti. Ujerumani, badiliko lisiloidhinishwa ambalo linaweza kuhatarisha watu huliondolea gari kibali chake cha kutembea barabarani. Majimbo mengi ya Marekani hupima kimo cha bampa kutoka chini.

Upana na rimu nitavipitia haraka. Tairi isichomoze nje ya bodi, kwa sababu inarusha mawe na matope kwa walio nyuma. Vipande vya kati ya rimu na habu (kitovu kinachofungiwa rimu), vile vya kusukuma gurudumu nje, kanuni ya Australia inavikataa isipokuwa vimetoka kiwandani na gari. Na namba ya uwezo wa kubeba isishuke chini ya ile ya kibandiko: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni kilo 1,250.

Bima ndiyo inayoniuma zaidi. Mikataba mingi hutaka gari liwe halali barabarani na mabadiliko yatangazwe. Kampuni ikikataa kulipa, mwenye tairi kubwa anapoteza gari, lakini aliyegongwa anaweza kubaki na mguu uliovunjika na mtu asiyeweza kumlipa. Huyo hakuchagua tairi yoyote. Ukitaka kuvuka kikomo, mtafute mhandisi anayetambuliwa na mamlaka kabla ya kununua, upate cheti, kisha umpelekee nakala mtu wa bima.

Kabla ya kulipia, jaribu tairi moja mbele. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, huku gurudumu hilo limepandishwa juu ya kitu ili springi ibonyee. Likigusa bodi au bomba la breki, halifai. Halafu chungulia chini ya gari inapokaa tairi ya akiba. Mara nyingi ile kubwa haiingii, na ukibaki na akiba ya saizi ya zamani, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne muda wote litachemsha difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) likitembea umbali mrefu na vipenyo viwili tofauti. Nunueni tano.