Mwani Mwekundu Chini ya Mlima Meru

UPENDO: Karibuni tena. Leo ni mwani mwekundu kwenye tangi la maji chumvi, na tunaongea tukiwa Arusha, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kaka Hamisi, watu watatucheka.

HAMISI: Waache wacheke. Bahari unaitengeneza mwenyewe: gramu 35 za chumvi kwa lita, refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi majini, ikisoma 1.025 umefika. Ila iwe chumvi ya akwariamu. Ile ya kupikia haina magnesi wala kalsi ya kutosha. Kwenye chumvi hakuna shida, dada. Shughuli ipo kwenye maji ya bomba.

UPENDO: Floridi.

HAMISI: Floridi! Na wewe ulivyo mtoto wa Arumeru...

UPENDO: Najua, floridi ikizidi inachafua meno. Yangu yaache, tafadhali.

HAMISI: Yamesamehewa. Sasa sikia. Bahari yenyewe ina floridi, kama miligramu 1.3 kwa lita. Lakini kuzunguka Meru, kwa sababu ya miamba ya volkano, kuna visima na chemchemi zinazozidi hapo mara kadhaa. Tangi linapoteza maji kila siku kwa mvuke. Mtu anajazia ya bomba. Mvuke unaondoka, floridi inabaki. Kesho anajazia tena.

UPENDO: Kwa hiyo anairundika bila kujua.

HAMISI: Ndiyo hivyo. Na chumvi nayo haiondoki na mvuke, kwa hiyo wakati wa kujazia usitie maji chumvi, tia maji matamu. Yawe yamepita kwenye mtambo wa RO, ule wa kuchuja maji mpaka madini yabaki nyuma.

UPENDO: Masika tunapata maji ya mvua bure.

HAMISI: Mazuri, mradi hayajapita kwenye bati. Bati jipya linatoa zinki, na viumbe vya baharini haviivumilii. Tandika turubai safi la plastiki uani, mvua ya kwanza iache ioshe anga, kisha ukinge.

UPENDO: Haya, rangi. Hili ndilo tunaloulizwa kuliko yote. Mwani umekuja na rangi ya damu ya mzee, baada ya muda umekuwa wa njano njano, kama umechujuka. Mtu anasema nimeuziwa mwani mbovu.

HAMISI: Hajauziwa mbovu. Ile rangi nyekundu, fikoerithirini, ni protini. Kazi yake ni kunasa mwanga wa kijani na wa bluu, ule unaofika kina kirefu, ndiyo maana mwani mwekundu unaweza kuishi mahali pa giza giza. Sasa protini ina nitrojeni ndani yake. Majini kukikosekana nitrojeni, mwani unaanza kula akiba yake, na akiba yenyewe ndiyo rangi.

UPENDO: Kwamba unajila!

HAMISI: Unajila. Na mwenye tangi anafanya nini? Anaona mwani unapauka, anasema maji machafu haya, anabadilisha nusu ya tangi na mashine ya povu, ile inayotoa uchafu majini, anaiacha usiku kucha. Anazidi kuunyima chakula.

UPENDO: Hapa mimi huwa nakasirika kidogo, maana watu wamefundishwa kwamba tangi zuri ni lile linalosoma nitrati sifuri, na nitrati ndiyo nitrojeni yenyewe ya mwani.

HAMISI: Kwa mwani, sifuri ni njaa. Weka nitrati kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, na fosfati ionekane kwenye kipimo, hata kama ni kidogo. Lisha samaki wako vizuri, mwani utakula masalia yao.

UPENDO: Na taa je? Taa kali nayo si inapausha?

HAMISI: Inapausha. Toa kitawi kimoja, kigeuze mkononi. Kikiwa kimepauka upande wa juu tu, na chini kwenye kivuli bado kimeiva, mara nyingi hiyo ni taa. Kikipauka chote sawasawa, ni njaa. Kikiwa cheupe, laini, kinakatika ukikigusa, hicho kinakufa. Kikate ukitupe kabla hakijaoza ndani ya tangi.

UPENDO: Hiyo ya kuwa cheupe na kukatika, wakulima wa mwani wa Paje, kule Zanzibar, wanaijua.

HAMISI: Wanaijua sana. Zanzibar kilimo cha mwani cha biashara kilianza 1989, na walio wengi kule ni kina mama. Maji ya ufukweni yakipata joto kali, kotonii inaugua na kufa, spinosamu inavumilia kidogo. Hizo ndizo aina wanazolima, na zote mbili ni mwani mwekundu, hata ukiona shamba lina rangi ya kijani.

UPENDO: Huku kwetu tatizo ni baridi. Julai usiku, Arusha hii...

HAMISI: Weka hita, nyuzi 24 mpaka 26. Na pampu ya kusukuma maji isikose.

UPENDO: Anayeanza aanze na upi?

HAMISI: Grasilaria, nayo ni aina ya mwani mwekundu. Kotonii iache, inataka mkondo mkali na mwanga mwingi. Ukiagiza kutoka Tanga, nunua kwa mkulima, usiende kukwanyua ndani ya hifadhi ya bahari. Afunge kwenye magazeti yaliyoloweshwa maji chumvi, ndani ya boksi la baridi. Hakuna haja ya kusafirisha madumu ya maji kwenye basi.

UPENDO: Swali la mwisho, msikilizaji wa Moshi: ana tasi wawili tangini, wale samaki wanaokula mwani, anaweza kuwawekea mwani?

HAMISI: Kuwawekea anaweza. Kuufuga humo, hapana! Tasi ndio wanaowamaliza wakulima pwani.

UPENDO: Basi afanyeje?

HAMISI: Tangi la pembeni, hata lita 40, maji yazunguke kati ya yote mawili. Mwani ukijaa, anapunguza mkono mmoja, anawapelekea.

UPENDO: Na bili ya umeme?

HAMISI: Hiyo aongee na mwenzake nyumbani.