Jinsi ya kutengeneza tanki la petroli la gari la kujiundia na kulifunga bila kujilipua

Mambo vipi wadau, leo ni zamu ya tanki la mafuta kwenye hili gari letu la kujiundia. Chesisi ya skwea paipu mshaiona, injini ni 5A ya Corolla, ya EFI, yaani inapuliziwa petroli kwa presha badala ya kutumia kaburata, kwa hiyo tunahitaji pampu na paipu mbili, moja inapeleka mafuta na nyingine inarudisha. Kuchomelea boksi la chuma sio ishu sana, kinachosumbua watu ni hewa, iingilie wapi, itokee wapi, na mvuke wa petroli uende wapi. Macho yenu yawe hapo.

Kwanza kata katoni, tengeneza boksi la mfano ulipachike pale tanki litakapokaa. Mimi naliweka nyuma ya siti, mbele ya ekseli ya nyuma, sio kule kwenye bampa maana ukigongwa kidogo tu limepasuka, na ekzosi inapita upande wa pili. Kati ya tanki na siti kutakuwa na ukuta wa bati uliozibwa kila tundu. Langu limekuja sentimita 60 kwa 30 kwa 25, zidisha unapata 45,000, gawa kwa 1,000, lita 45. Likijaa petroli peke yake ni kilo thelathini na kitu, so mabano usifanye ya kubahatisha.

Shiti chukua nyeusi ya geji 16, kama milimita 1.5 hivi. Ile ya kung'aa yenye zinki achana nayo, ukiichomelea moshi wake unaleta homa usiku kucha.

Kabla hujafunga kifuniko cha juu weka kuta mbili ndani, kila moja baada ya sentimita 20. Angalia hapa karibu, nimekata kona zote nne za kila ukuta, za chini mafuta yapite, za juu hewa ipite. Bila hizi kuta ukikata kona kwa spidi mafuta yote yanakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, gari linakohoa. Paipu ya kunyonya iishie kama sentimita 1 juu ya sakafu, isiguse, na ile ya kurudisha iwe chumba kingine maana inarudi na mapovu. Floti, lile boya la ndani ya tanki linalopima mafuta, na geji ya dashibodi vitoe kwenye gari moja, ukichanganya geji itakudanganya kila siku.

Funga kifuniko, chomelea kidogo kidogo ukiruka upande huu na ule shiti isijikunje.

Sasa kupima, na hapa mafundi wengi wanachukua kompresa, aisee usithubutu! Piga hesabu, kifuniko ni 60 kwa 30, presha ya bar 1 tu inakisukuma na kilo 1,800, tanki linavimba kama chapati. Tumia pampu ya baiskeli, matundu mengine yote ziba, moja chomeka mpira unaoonyesha ndani uliokunjwa umbo la U wenye maji. Pampu taratibu mpaka maji ya upande mmoja yawe juu ya mwenzake kwa mita 1, hiyo ni kama bar 0.1, inatosha kabisa. Paka povu la sabuni kwenye kila mshono. Ona kona hii, vipovu vidogo vidogo kama punje za ulezi vinatoka polepole, hapo panavuja, na hata usipoviona maji kwenye mpira yatashuka yenyewe. Toa upepo kwanza, ndo urudie kuchomelea, sasa hivi ruhusa maana tanki halijaonja petroli. Likishaonja hata tone, mashine ya kuchomelea isilisogelee tena, likivuja unaachana nalo unatengeneza jipya, habari za kulisuuza kwa omo halafu unachomelea zimeua watu.

Kulifunga: mikanda miwili ya fleti baa, chini ya kila mkanda mpira, usilichomelee kwenye chesisi kwa sababu chesisi ikijipinda barabarani mshono unapasuka. Na kwa kuwa limekaa juu ya mpira, weka waya wa athi (wa kupeleka umeme kwenye chuma cha gari) kutoka tanki na shingo ya kujazia mpaka kwenye chesisi, cheche ya umeme tuli wakati wa kujaza ni noma.

Paipu ya pumzi ipande juu kuliko mdomo wa kujazia, ikunje, ishuke itokee chini nje ya gari, mbali na ekzosi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, ukiachia ndani unajaa miguuni kwako. Weka na ile valvu ya kuzuia mafuta yasimwagike gari likipinduka, kwenye magari chakavu zipo. Mipira ya pampu iwe ya EFI, presha inafika karibu bar 3, mpira wa kaburata utapasuka.

Mara ya kwanza weka lita 5 tu, betri imetolewa, uko nje, zimamoto ya unga iko karibu. Pitisha tishu nyeupe kila kiungo. Ukishaendesha kama nusu saa fungua kifuniko cha kujazia, ukisikia fyuuu inavuta hewa ndani, paipu ya pumzi imeziba, ishughulikie kabla hujaongeza mafuta.