Makundi ya Kujitenga ya Mrengo Mkali wa Kulia: Nani Huyapa Nguvu?

Ndugu zangu, nashukuru kwa nafasi hii. Nitaingia moja kwa moja Kempton Park, karibu na Johannesburg, tarehe 25 Juni 1993. Ndani ya jengo la World Trade Centre, wajumbe wa vyama mbalimbali walikuwa wakijadiliana jinsi Afrika Kusini itakavyotoka katika utawala wa ubaguzi wa rangi. Nje walikuwa wamekusanyika Makaburu kwa maelfu, wengi wao wakiwa na bunduki. Gari la deraya likaendeshwa mpaka likavunja vioo vya mbele. Watu wakamiminika ndani, wakachora kuta, wakakojolea viti, huku wajumbe wakijifungia maofisini. Polisi walikuwepo, na karibu muda wote walikaa wakitazama.

Lishikeni hilo la polisi, maana ndilo lililonileta hapa. Makundi haya yakizungumzwa, kitu cha kwanza watu huuliza ni idadi: yana wafuasi wangapi? Mimi naona idadi inatupotosha. Karibu siku zote wafuasi ni wachache. Hatari huja pale mtu mwenye dhamana, awe jenerali, mbunge, askari au jaji, anapoamua kuwatumia au kuwafumbia macho.

Kundi lililoongoza uvamizi ule lilikuwa AWB, yaani Afrikaner Weerstandsbeweging, Harakati ya Upinzani ya Makaburu. Lilianzishwa mwaka 1973 mjini Heidelberg na watu saba tu. Mkubwa wao, Eugène Terre'Blanche, aliwahi kuwa polisi. Walitaka nchi ya Makaburu peke yao, kwa mfano wa zile jamhuri za karne ya 19. Na mtu wa kwanza waliyemshambulia hadharani, mwaka 1979, alikuwa Kaburu mwenzao: Profesa Floors van Jaarsveld, mwanahistoria. Alipanda jukwaani Pretoria kuhoji kama tarehe 16 Desemba, siku ambayo Makaburu huadhimisha ushindi wao wa 1838 dhidi ya Wazulu, inastahili kuendelea kutukuzwa kama siku takatifu. Walimvamia pale pale wakammwagia lami na manyoya. Makundi haya hudai kuwatetea ndugu zao, lakini ndugu anayewaza tofauti ndiye huanza kuadhibiwa.

Kwa miaka kadhaa walionekana wahuni tu. Kilichowainua kilitokea bungeni. Mwaka 1982 Andries Treurnicht alijitoa katika chama tawala kwa kupinga mpango wa waziri mkuu P. W. Botha wa kuwapa machotara na Wahindi sehemu ndogo ya madaraka, akaunda Chama cha Kihafidhina. Kufikia 1987 chama hicho kilikuwa ndicho upinzani rasmi. Wakati huo wakulima wengi weupe walikuwa wameelemewa na ukame na madeni, na wafanyakazi weupe wa ngazi ya chini waliona sheria za rangi zilizolinda ajira zao zinaondolewa moja baada ya nyingine. Hofu ile ilikuwa ya kweli, na sisemi kwamba kila aliyeogopa alikuwa muuaji. Ila hofu ile ilipata wasemaji wawili: mmoja aliyevaa suti bungeni na mwingine aliyevaa sare na kushika bastola. Na wawili hao walikuwa wakijuana.

Mwaka 1992 wapiga kura weupe waliulizwa kama mazungumzo yaendelee. Asilimia 68.7 walisema ndiyo. Makundi haya yalishindwa hata nyumbani kwao. Waliobaki wakaona njia ya kura imefungwa, na mwaka uliofuata damu ikamwagika.

Tarehe 10 Aprili 1993 Chris Hani, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti na mmoja wa vigogo wa ANC, chama cha Mandela, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake Boksburg. Muuaji, Janusz Waluś, alikuwa mhamiaji kutoka Poland. Lakini tazameni bastola ilikotoka: ilikuwa imeibwa katika ghala la silaha la jeshi la anga mjini Pretoria. Na aliyempa ni Clive Derby-Lewis, aliyewahi kuwa mbunge wa Chama cha Kihafidhina. Silaha ya dola na mkono wa mwanasiasa. Muuaji mwenyewe alikuja mwishoni mwa mnyororo. Aliyesababisha akamatwe upesi ni jirani, mwanamke wa Kikaburu, aliyeona gari na kuwapigia polisi simu. Mandela alipolihutubia taifa alimtaja mwanamke huyo, na kwa kumtaja aliwanyang'anya wauaji kile walichokitaka, yaani vita vya weupe na weusi.

Sasa tufike Mmabatho, Machi 1994. Lucas Mangope, mtawala wa Bophuthatswana, moja ya maeneo yaliyotengewa weusi na serikali ya ubaguzi, alikataa uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote, na watumishi wake wakagoma. Akaomba msaada kwa Jenerali Constand Viljoen, aliyekuwa mkuu wa majeshi hadi 1985 na sasa aliongoza muungano wa Makaburu waliotaka nchi yao. Viljoen alikuwa na uwezo wa kukusanya maelfu ya wanaume waliofunzwa vita. Huyo ndiye aliyekuwa hatari kweli, kuliko Terre'Blanche na farasi wake. Lakini AWB nao walikwenda bila kualikwa, wakapita mitaani wakiwafyatulia raia risasi. Askari wa Bophuthatswana wakageuka. Wanachama watatu wa AWB walisimamishwa na gari lao, na wakiwa majeruhi wakauawa na polisi mbele ya kamera. Kuua mtu aliyejeruhiwa anayeomba uhai wake ni uovu, na silitetei tendo lile. Lakini picha zile zilizagaa Afrika Kusini nzima, na ndoto ya kushinda kwa bunduki ikayeyuka.

Viljoen akaamua. Alikuwa ameandikisha chama cha Freedom Front siku chache kabla, na sasa akaingia nacho kwenye uchaguzi. Kilipata asilimia 2.17 ya kura na viti tisa. Waliobaki na mabomu waliwaua watu Johannesburg na Germiston katika siku za mwisho kabla ya kura, lakini hawakuwa tena na jenerali, na kura ikapigwa. Mandela na wenzake walikuwa wamezungumza na Viljoen kwa miezi mingi, na wakakubali wazo lake la nchi ya Makaburu lijadiliwe. Wapo wanaosema walimbembeleza adui. Nawaelewa, lakini siafikiani nao: walimtenga jenerali na wafyatuaji, na hiyo iliokoa maisha mengi.

Aliyekataa mlango huo alikutana na sheria. Kundi la Boeremag, la Makaburu wenye msimamo mkali, lililipua mabomu Soweto mwaka 2002 na kumuua mwanamke mmoja. Kesi yake ya uhaini ilichukua takriban miaka kumi, hadi hukumu za 2013. Marekani nako, mwaka 2000, mama na mwanawe waliofyatuliwa risasi na walinzi wa Aryan Nations, kundi la wabaguzi weupe kule Idaho, walishinda kesi dhidi ya kundi hilo na kupewa fidia ya dola milioni 6.3. Kundi likafilisika, kambi yake ikauzwa.

Mtaniuliza kuhusu Orania, ule mji wa Makaburu kando ya Mto Orange ulioanza 1991, unaofanya kazi zake zote bila vibarua weusi. Haushambulii mtu, na una wakazi kama 3,000. Lakini kabla yao palikuwa na familia za machotara, nazo ziliondolewa. Anayeuita mfano wa kujitenga kwa amani azitaje na hizo.

Na Ujerumani, Desemba 2022, polisi wapatao 3,000 walivamia makazi ya watu wasioitambua jamhuri yao, wakituhumiwa kupanga kuipindua. Wengi walimcheka yule mzee wa ukoo wa kifalme aliyetajwa kuwa kiongozi. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwemo jaji aliyewahi kuwa mbunge, na afisa wa zamani wa jeshi. Mimi niliwatazama hao wawili.