Vakyumu ya Bei Mbaya: Inadumu, au Tunanunua Jina?

Haya jamani, swali lenu limerudi tena: vakyumu, yaani mashine ya kufyonza vumbi, ya pauni 400 ina nini ambacho ya 60 haina? Kabla hujaniandikia kwamba naringa, sijasema ninayo. Na wale wa "si mfagie tu", nyumba nyingi hapa Uingereza zulia limegundishwa sakafu nzima mpaka kwenye ngazi. Fagio linarusha vumbi tu.

Unacholipia ni vipuri. Chukua Henry, ile nyekundu yenye macho, inatengenezwa Chard huko Somerset. Wala si ya 400. Mota wati 620, waya mita 10, mfuko wa vumbi ndani. Bomba likipasuka unanunua bomba peke yake. Za mfuko za kampuni ya Miele ni hivyohivyo, ila ghali zaidi.

Za betri ndizo zinazoliza watu. Mota nzima, betri imechoka. Lakini ya betri ya kampuni ya Dyson ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, usikimbilie kununua betri: mara nyingi hewa haipiti. Kagua bomba, toa filta, ioshe kwa maji baridi bila sabuni, ianike saa 24. Ukiirudisha mbichi itanuka, na unyevu utaingia kwenye mota. Na dada zangu, nyuzi za rasta! Zinajiviringisha kwenye brashi, zinaingia kwenye beringi, brashi inakwama. Zikate kwa mkasi kila wiki.

Risiti usitupe. Ikiharibika mapema, duka litakwambia umpigie mtengenezaji. Wanakuzungusha tu: kwa sheria ya haki za mlaji ya 2015, wa kudaiwa ni aliyekuuzia. Ikiwa na kasoro, ndani ya siku 30 unaweza kuirudisha na kudai hela yako yote. Hili linaniudhi kuliko bei yenyewe.

Kutuma nyumbani? Ya hapa plagi yake inaingia Kenya na Tanzania bila adapta. Ya Marekani ni volti 120, ukiichomeka Dar inaungua. Tuma na mifuko ya kutosha, na mkataze fundi asifyonzee vumbi la saruji, linaziba filta. Betri ya akiba ibebe mkononi ndani ya ndege, si kwenye begi la chini.

Mimi ningechukua ya waya na mfuko, kila mtu na nyumba yake. Ila kama kwa mama ni sakafu ya saruji na mkeka, usitume yoyote. Mtumie hela.