Daftari Lilisema 17: Mhadhara Kuhusu Utunzaji wa Shahawa za Nguruwe

Ndugu wahimilishaji, mnaopandisha majike kwa chupa badala ya dume, waliowahi kunisikiliza wanajua kwamba nitaanza na kipimajoto, na waliochoshwa na kipimajoto wanaruhusiwa kusinzia hadi nitakapofika kwenye antibiotiki. Chupa hii niliyoishika ina mililita 80 za shahawa zilizozimuliwa, zenye mbegu zipatazo bilioni 2 na nusu, na mahali pake ni kwenye nyuzi 17 za Selsiasi. Pakishuka chini ya 15 mbegu hupatwa na mshtuko wa baridi. Pakipanda kupita 20 mbegu hutumia nguvu zake upesi huku bakteria wakistawi.

Najua wapo waliotoka kwenye ng'ombe, ambao wamezoea mtungi wa naitrojeni ya kugandishia shahawa na wanaamini kwamba baridi ikizidi, usalama nao huzidi. Utando wa mbegu ya nguruwe una kolesteroli kidogo na mafuta mengi ya aina inayoharibiwa kwa urahisi na oksijeni, hivyo baridi ambayo mbegu ya fahali huivumilia huuvuruga utando huo na kuufanya uvuje. Kugandisha shahawa za nguruwe kunawezekana tangu miaka ya 1970, lakini sehemu kubwa mno ya uhimilishaji wa nguruwe duniani bado hutumia shahawa za maji kama hizi.

Niliwahi kuitwa kwenye shamba moja ambako majike waliohimilishwa walikuwa wakirudia joto, yaani wakitaka dume tena kwa kuwa hawakushika mimba, baada ya siku 21, mmoja baada ya mwingine. Nikapewa daftari la jokofu: 17 asubuhi, 17 jioni, kila siku, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Nikatumbukiza kipimajoto chenye kumbukumbu ya kiwango cha juu na cha chini ndani ya chupa ya maji yenye ujazo sawa na dozi, nikakiacha kilale humo. Asubuhi kilionyesha kwamba usiku maji yale yalishuka hadi 11. Kumbe watu wa zamu ya usiku walikuwa wakihifadhi chanjo humo humo, na kwa kuwa chanjo zinataka nyuzi 2 hadi 8, walikuwa wakipunguza joto kwa nia njema kabisa, kisha wakilirudisha kabla ya kukabidhi zamu. Hakuna aliyeandika uongo. Walikuwa wakisoma joto la hewa iliyokwisha kupashwa, ilhali shahawa zilikuwa zimeumia tangu saa nane za usiku.

Mtaniambia, kama mwenye shamba alivyoniambia kwa sauti ya juu kidogo, kwamba hadubini ilionyesha asilimia 75 ya mbegu zikiogelea. Sikatai, ziliogelea. Lakini mkia unaweza kuendelea kupiga huku utando umekwisha kulegea na kifuko cha vimeng'enya kilicho kichwani, ambacho bila hicho mbegu haiwezi kuingia kwenye yai, kimeharibika. Ndiyo maana nasisitiza sampuli iwekwe kwenye nyuzi 38 na kutazamwa baada ya dakika 30, kisha tena baada ya dakika 300. Shahawa zilizoumia hujifichua katika zile saa za mwisho. Wapo pia wanaokosea upande wa pili, wanaotoa tone kwenye jokofu, wakaliweka juu ya kioo baridi, wakaona mbegu zimetulia na kuzimwaga zote. Jamani, pasheni sampuli na kioo kwanza!

Kuhusu kugeuza chupa mara mbili kwa siku, nasema kwa ufupi kwamba haina faida iliyothibitishwa, na inaweza kupandisha pH, yaani kupunguza uasidi, ya baadhi ya vizimulio, vile vimiminika vya kuzimulia shahawa. Mtu anayefungua mlango ili ageuze chupa anaharibu joto kwa bidii ya bure.

Kizimulio cha BTS, kilichoelezwa na watafiti Pursel na Johnson mwaka 1975, kinafaa kwa takriban siku 3. Vizimulio vya muda mrefu hufika siku 7 au zaidi, lakini havifufui shahawa zilizokusanywa vibaya. Antibiotiki inayotiwa kwenye kizimulio, niliyowaahidi, haichukui nafasi ya usafi wakati wa kukusanya wala ya maji safi yaliyoondolewa madini. Dume aliyepatwa na joto kali apimwe shahawa kwa wiki 6 au 7 zinazofuata, kwa sababu mbegu hutengenezwa kwa siku zipatazo 39 na kusafiri siku 10 nyingine kabla ya kutoka.

Nilikuwa na mengi kuhusu bakteria, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Chupa hii imekuwa mkononi mwangu tangu nilipoanza kusema, na mkono wangu una nyuzi zaidi ya 30. Naomba asitokee mtu wa kuirudisha kwenye kasha.